Jembe la Mtani

Katika bonde lililo chini ya mlima wa Gisozi, Kigali, mfyatua matofali hakuchimba shimo jipya mpaka mtani wake apige jembe la kwanza. Mila yenyewe ni ya zamani, na mwanzoni ilikuwa ya nyumba. Mtu akihamia kiwanja kipya alimwita mtu wa ukoo wa Wagesera, kwa kuwa wao, wazee walivyosimulia, waliikuta nchi hii kabla ya wengine na ardhi inawajua. Mgesera alikuja, akamtukana mwenye nyumba kwa utani mpaka akatosheka, akagusa ardhi, akapewa pombe, akaenda zake. Nyumba ikasimama. Wafyatuaji wa bonde letu waliichukua mila hiyo wakaipeleka kwenye mashimo ya udongo. Walisema tofali ni nyumba ambayo haijasimama bado.

Mimi sikuwa mfyatuaji. Nilikuwa na kamyoneti ya buluu, na gari hilo, nalisema bila kujisifu, halikupata kulala njiani. Asubuhi nilishuka kutoka Biryogo, nilikokuwa nikiishi, nikapakia matofali bondeni na kuyapeleka kwa wajenzi. Jioni, kwa kuwa sikupenda kurudi nyumbani na gari tupu, nilipakia mikeka ya mafunjo iliyosukwa na akina mama wa bonde lile lile, na mke wangu Swafiya akaiuza barazani kwetu. Kwa hiyo nilikula pande zote mbili, na pande hizo zilipogombana, tumbo langu ndilo lililosikia kwanza.

Ugomvi ulianza kiangazi cha mwaka 1992. Vita vilikuwa kaskazini, sukari na mafuta ya taa vilikuwa vimepanda bei, na watu wengi walikuwa wameacha kujenga. Ndipo padri wa parokia alipomwagiza Viateur matofali ya madarasa mapya ya shule ya msingi, yatoke yote kabla ya mvua za Septemba. Viateur alikuwa mkuu wa ushirika wa wafyatuaji, mtu wa makamo, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. Aliniambia habari ile akinishika mikono yote miwili. Bila kazi hiyo, alisema, vijana wake wangetawanyika mjini kutafuta vibarua, na ushirika ukishatawanyika haukusanyiki tena.

Tatizo lilikuwa udongo. Mashimo ya zamani yalikuwa yamechimbwa mpaka maji yakatoka, kisha yakaachwa wazi, na sasa yalikuwa makao ya vyura na mbu. Udongo mzuri uliobaki ulikuwa chini ya kipande cha mwisho cha mafunjo, pale penye chemchemi. Konseye, yaani diwani wa sekta yetu, alikuwa ameshatoa ruhusa. Lilibaki jembe la mtani tu.

Na mtani alikuwa Mukarugwiza.

Mukarugwiza alikuwa mama mzee wa ukoo wa Wagesera, mjane, mwembamba kama mafunjo aliyoyakata, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa wasuka mikeka. Kipande kile cha chemchemi alikuwa akikivuna tangu alipoolewa bondeni. Mikeka ya kulalia, mikeka ya dari, vifuniko vya vyungu, vyote vilitoka pale, na sasa hapakuwa na pengine. Kumwomba yeye afungue shimo mahali pale ilikuwa kama kumwomba mtu akushikie kamba wakati unamwibia mbuzi wake.

Viateur hakuwa mshirikina. Alikuwa Mkatoliki wa benchi la mbele, na alisema wazi kwamba udongo ni udongo. Lakini vijana wake walikataa katakata. Ndihokubwayo, Mrundi aliyekuwa akilinda moto wa tanuru, alimkumbusha shimo la msimu uliopita, ambalo Viateur alilifungua kwa haraka bila kumwita mtani, na matofali yake yakatoka yamepasuka kama visigino vya kiangazi. Viateur alijibu kwamba yale yalipasuka kwa sababu yalianikwa juani bila kufunikwa. Ndihokubwayo akakubali kwamba hiyo nayo ilikuwa sababu. Hata hivyo, hakuna aliyeshika jembe.

Basi Viateur akatafuta Mgesera mwingine. Nilimpeleka mpaka Kabeza, kwa fundi cherehani aitwaye Léonce. Huyu alikubali upesi, akavaa koti na tai, akapanda mbele kwenye kamyoneti akiwa amenyoosha shingo kama mkaguzi. Bondeni alipokewa vizuri. Alikunywa pombe ya ndizi, akala mishikaki ya mbuzi, akamtukana Viateur kidogo kwa adabu, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Kisha akashika jembe na kuuliza, "Kwani hapa bondeni hakuna Mgesera?"

Watu wakatazamana. Ndihokubwayo, ambaye hakuumbiwa kunyamaza, akasema yupo mama mmoja anaitwa Mukarugwiza.

"Ananizidi umri?"

"Angeweza kukuzaa, na akakuchapa."

Léonce akaliweka jembe chini polepole, akajifuta mikono. Alieleza kwamba hawezi kumruka mkubwa wake wa ukoo. Tofali likija kupasuka, yeye ndiye atakayeulizwa. Mishikaki ilikuwa imeshaliwa. Nikamrudisha Kabeza, na njia nzima alimsifu yule mbuzi.

Haikubaki njia ila kwenda kwa mwenyewe. Viateur alichukua mtungi wa pombe na jembe jipya, kama mila inavyotaka, akaniomba nifuatane naye, kwa sababu mimi nilibeba mikeka ya mama yule na tulikuwa tukiheshimiana. Tulimkuta uani kwake, amekaa juu ya mkeka ambao alikuwa bado anausuka ukingoni. Hakuinuka.

"Mzee Nkusi, karibu," aliniambia. "Huyo uliyemleta ni mtu, au ni tofali lililoiva upande mmoja?"

"Ni mtu, mama."

"Basi akalie upande ulioiva. Ule mbichi utanichafulia ua."

Viateur akacheka, kwa kuwa ilimpasa kucheka. Sheria ya utani ni moja: anayekasirika ameshindwa, na hana wa kumshtakia. Alimweleza mama shida yake tangu mwanzo, naye akamwacha aseme, huku kila akipumua akimtilia neno. Alimwambia kwamba babu zake Viateur walifika nchi hii wakawakuta babu zake yeye wameshamaliza kula na wanapiga mswaki. Alimwuliza jinsi mkewe, Illuminée, alivyokubali kuolewa naye, na kama siku ile ya posa kulikuwa na ukungu. Alisema sauti yake ile kubwa alipewa na Mungu kufidia alichosahau kumwekea kichwani. Viateur alikuwa anacheka na kutoka jasho.

Kisha mikono ya mama ikasimama. "Na nikikataa?"

"Vijana wataondoka," Viateur alisema.

Mukarugwiza alisuka ukingo ule kwa muda, akafika pembeni, akakata uzi kwa meno. "Nitapiga," alisema. "Lakini jembe la mtani halielekezwi. Litakapoingia, hapo ndipo mtakapochimba, na wewe usiseme mbele wala nyuma."

Viateur alikuja amejiandaa kukataliwa. Alikubali kabla mama hajafunga mdomo, akaapa mbele yangu, akamimina pombe. Ndivyo mila yenyewe ilivyosema, kwa hiyo hakuona kitu cha kuogopa. Mimi nimeendesha gari miaka mingi, na mtu anayenipisha upesi mno barabarani humtilia shaka. Lakini nilikunywa maji yangu tu.

Nyumbani Swafiya aliniuliza kama ni kweli nimebeba kwenye gari langu jembe la kuzikia biashara yake. Nikamwambia jembe lilibebwa na Viateur mapajani. Akasema jibu zuri sana hilo, nikampe Mukarugwiza siku atakapokuja kwetu kuomba kazi ya kufua. Chakula cha jioni kilikuwa kitamu kama siku zote, ila kilikuwa kidogo.

Siku ya jembe ilikuwa Jumapili baada ya misa, na bonde zima lilikuja. Wafyatuaji walisimama upande mmoja, wasuka mikeka upande wa pili. Illuminée, mke wa Viateur, alikuwa bado na gauni lake la kanisani. Mukarugwiza alitangulia na jembe begani, na sisi sote tukamfuata nyuma kama watu wanaopeleka mahari.

Alifika ukingoni mwa mafunjo penye chemchemi, akainua jembe. Mama mmoja wa mikeka alijifunika uso kwa kitenge. Jembe likabaki hewani. Kisha Mukarugwiza akalishusha, akakunja pua, akasema hapo pananuka miguu ya Viateur, akaendelea mbele. Vijana wakacheka, Viateur naye akacheka, maana mtani ana haki ya kuzunguka kidogo. Tukapita kando ya mashimo ya zamani. Vyura wakaruka majini. Mukarugwiza aliuliza kama hao nao ni wanachama wa ushirika, na kama ni wanachama, mbona hawajapewa kadi.

Baada ya hapo akatoka bondeni kabisa. Akapanda kidogo pembezoni mwa mlima, akavuka mfereji, akaingia katika shamba la viazi vitamu, matuta mazuri yaliyojaa majani, na katikati ya tuta lililonenepa kuliko yote akashusha jembe. Kiazi kikatoka kimekatwa nusu kwa nusu, cheupe ndani.

"Hapa," alisema.

Lilikuwa shamba la Illuminée.

Kisha Ndihokubwayo akakohoa, na kicheko cha akina mama kikashuka kama mvua inayotoka mlimani, kwanza mbali, halafu juu ya vichwa vyetu. Illuminée hakucheka. Alikwenda akaokota nusu mbili za kiazi, akazitazama, akamtazama mumewe. Viateur alifungua mdomo. Bonde zima lilikuwa linangoja kuona kama atakasirika. Akatabasamu. Nimewaona watu wakibadilisha tairi matopeni kwa furaha kubwa kuliko ile.

Ndihokubwayo alikuwa ameshachota udongo wa chini. Aliusokota ukawa mrefu kama mnyoo, akauzungusha kidoleni, na haukukatika. "Udongo upo, patroni," alisema. "Mtani hakukuonea. Amekupiga tu."

Kesho yake Viateur alinisimulia yaliyotokea nyumbani kwake. Illuminée hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Alimpikia zile nusu mbili za kiazi, akaziweka mbele yake kwenye sahani, peke yake, bila maharage. Alisema jembe likishasema limesema, achimbe. Lakini watoto wanakula katika shamba lile, na yeye atataka kuvuna humo tena kama vile hakuna aliyepita. Namna ya kufanya hivyo ni juu ya mumewe. Si yeye ndiye mkuu wa ushirika?

Basi nikamwona Viateur akifanya kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya. Alilikata shamba vipande vyembamba kwa kamba. Mashina ya viazi yalipelekwa kwa jirani, yakafukiwa penye unyevu yasife. Udongo mweusi wa juu ulitolewa kwanza, ukarundikwa kando, na ole wake kijana aliyeukanyaga. Chini yake wakachimba ule wa matofali mpaka kiunoni tu, pasipofika maji. Kisha sakafu ya shimo ikasawazishwa, jivu la tanuru likatandazwa, udongo mweusi ukarudishwa juu, matuta yakapandishwa, mashina yakapandwa, ndipo kipande cha pili kikaanza. Vijana walinung'unika kwamba wanachimba mara mbili ili wapate tofali moja. Viateur hakutaka kusikia. Siku moja nilimkuta amepiga magoti akitoa vijiwe katika udongo mweusi, kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele wa wageni.

Illuminée alipita kila alasiri. Alisimama na mikono kiunoni, akatazama, akaondoka. Sijaona mkaguzi wa serikali akiogopwa namna ile.

Kazi ilikwenda polepole, lakini ilikwenda. Swafiya naye alilegea aliposikia habari ya kiazi. Nilimsimulia mara tatu, na kila mara aliniongezea mboga. Alikuwa na mikeka iliyochakaa kwa kukaa juani bila kupata mnunuzi. Akaipakia kwenye gari langu mwenyewe. "Wape wafunikie hayo matofali yao mabichi," alisema, "wasije wakasingizia utani tena." Wakayafunika. Tanuru la kwanza lilipofunguliwa, Ndihokubwayo aligonganisha matofali mawili na yakalia kama kengele. Alizunguka nayo bonde zima akiyagonganisha, mpaka Viateur akamwambia ayaweke chini yasije yakavunjika.

Kipande cha kwanza cha viazi kilikuwa sasa kimeshika. Shamba lilikuwa limeshuka, limesogea karibu na unyevu, na majani yalikuwa mabichi katikati ya kiangazi kikavu, wakati matuta ya majirani juu yalikuwa yamenyauka. Illuminée alianza kupita na jirani zake, akiwaonyesha. Hakumsifu mumewe, lakini maharage yalirudi kwenye sahani.

Kisha shamba likaisha, na madarasa bado yalihitaji matofali mengi. Mtu hawezi kuchimba shamba la viazi mpaka mwisho wa dunia. Viateur akanunua jembe lingine, akajaza mtungi, akaja kunitafuta. Safari hii hatukufika kwa Mukarugwiza. Tulimkuta pale pale shambani, amechuchumaa kwenye tuta la kwanza, akilipapasa jani kwa vidole kama anavyopapasa mafunjo kujua kama yamekomaa.

Tulingoja tusi. Halikuja.

"Viateur," alisema, "nani alikufundisha kurudisha udongo mweusi juu?"

"Hakuna aliyenifundisha, mama. Hili ni shamba la mke wangu."

"Na yale mashimo ya vyura, yalikuwa ya mke wa nani?"

Viateur aligeuka akayatazama mashimo. Alikuwa amevua kofia. Aliizungusha mikononi kama mwanafunzi. Akasema, "Mama, nilidhani bondeni hakuna mwenyewe."

"Nilikuwapo mimi," Mukarugwiza alisema. "Kila asubuhi. Na ulikuwa unanisalimu."

Ndipo tukakaa juu ya matuta, sisi watatu, mtungi katikati, na mazungumzo yakachukua mchana wote. Haikuwa rahisi. Mama alianza kwa kutaka mafunjo yasiguswe kabisa, hata shina moja. Viateur hakubishana kwa sauti. Alimwuliza tu, basi, matofali yaliyobaki yatoke wapi, na vijana waende wapi, na wawili kati yao si walikuwa watoto wa wasuka mikeka wake mwenyewe? Mukarugwiza alilikunja jani la kiazi mpaka likawa uzi. Alimwuliza mafunjo yakiondolewa yatarudi lini. Viateur akasema hajui, hajawahi kuyarudisha. Yeye anajua viazi tu. Mama akasema mafunjo ni mepesi kuliko viazi, ukizika kipande cha mzizi matopeni siku ile ile kinashika, na kwamba kama angeulizwa zamani angesema zamani.

Walikubaliana hivi. Mafunjo yatakatwa kwa vipande vyembamba, na kipande kipya hakitaguswa mpaka kile cha nyuma kimepandwa upya. Hakuna kuchimba mpaka maji. Penye chemchemi na kuizunguka pote hapatakanyagwa na jembe la mtu yeyote, awe wa matofali au wa mikeka. Na kabla ya yote, mashimo ya vyura yapandwe mafunjo kwanza. Hapo Viateur aliruka, akasema hilo litamla siku nyingi na mvua haingoji. Mama akajibu kwamba vyura nao walikuwa wameshangoja. Alipokubali, Viateur naye akadai lake: akina mama wasikate mafunjo machanga yaliyopandwa upya mpaka yafike kimo cha mtu. Mukarugwiza akakunja uso, kwa kuwa machanga ndiyo laini na vidole vya wasukaji vinayapenda. Alinywa pombe kidogo kwanza. Kisha akakubali, akasema kimo cha mtu, lakini si cha Viateur, achukuliwe mtu wa kawaida.

Nyuma yetu sauti ikasema kwamba yeye atapita kila alasiri kuangalia. Alikuwa Illuminée, amesimama na mikono kiunoni. Hakuna aliyejua amefika lini. Viateur akafumba macho kidogo.

Mashimo ya vyura yalipandwa kwa nguvu za pande zote mbili, wafyatuaji wakibeba mizizi, akina mama wakiizika, wote matopeni mpaka magotini, na matusi ya siku zile sitayaandika hapa. Kazi ilikwisha upesi kuliko Viateur alivyohofia, kwa sababu hakuna kijana aliyetaka kushindwa na bibi yake.

Jembe la pili lilipigwa Jumapili iliyofuata. Bonde zima lilikuja tena, na safari hii kila mwenye shamba pembezoni alikuja kusimama katika shamba lake. Mukarugwiza alitutesa. Alielekea juu, akasita, akarudi. Alikwenda hadi kwenye kamyoneti yangu, akaizunguka taratibu, akiyatazama magurudumu na kuinua jembe kidogo, na nikajikuta nimesimama mbele ya boneti bila kujua nimefikaje. "Mzee Nkusi," alisema, "kumbe gari nalo lina mwenyewe." Watu walicheka mpaka wakashikana. Ndipo akashuka kwenye mafunjo, akafika penye kamba ya kipande cha kwanza, mbali na chemchemi, akapiga.

Matofali ya mwisho ya shule yalitoka tanuruni mawingu ya Septemba yakiwa yameshakaa juu ya mlima. Padri alikuja bondeni mwenyewe kuyaona. Alipokuwa anasubiri nipakie, aliiona mikeka iliyofunika matofali mabichi ya tanuru jingine, akauliza kama kuna mipya, maana madarasa yatahitaji dari. Swafiya, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kuhesabiwa miongoni mwa washindi, alimjibu kabla Mukarugwiza hajafuta mikono. Hivyo safari ile ya mwisho nilibeba matofali chini na mikeka juu, vyote vya bonde moja, nikapanda mlima kwa gia ya kwanza, na gari halikulalamika.

Jioni Viateur alitukaribisha kwake. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mchana ikakoma, na kutoka uani tuliyaona mashimo ya zamani yakiwa na rangi mpya. Mafunjo yalikuwa yamefika magotini. Kulikuwa na viazi vya kuchemsha kutoka kipande cha kwanza, vidogo bado, ambavyo Illuminée alivichimbua kwa ajili ya wageni tu, na alihakikisha kila mtu anajua hivyo. Alitupikia katika jiko jipya, kijumba safi cha matofali mekundu ambacho mumewe alimjengea kwa yale yaliyobaki, bila yeye kuomba. Léonce wa Kabeza naye alikuwapo. Hakuna aliyekumbuka kumwalika, lakini kulikuwa na mishikaki.

Viateur alikunywa, moyo ukamfunguka, na sauti yake ya mlima wa pili ikarudi. Alitangaza kwamba mtani wake ni mama bora kuliko wote Kigali nzima, kisha akamwuliza, mbele ya watu, msimu ujao jembe litaingia wapi.

Mukarugwiza aliweka kikombe chini. Alizungusha macho polepole kuuzunguka ua ule, akaipita nyumba, akaupita mgomba, akalipita zizi la mbuzi, yakafika kwenye jiko jipya la Illuminée. Yakatulia hapo.

Viateur akainuka. Alichukua kiti chake, akakipeleka mpaka mlangoni pa jiko, akakiweka sawasawa kizingitini, akakaa, akanyoosha miguu.

"Kunywa pombe, mtani," alisema.